Kesho Tuje Saa Ngapi

Siku mdogo wake alipopanda juu ya meza ya kazi ya marehemu baba yao, na viatu vyake vyeusi vya kung'aa, akawahutubia vijana waliojazana mlangoni, Mama Randa alijisikia fahari mpaka machozi yakamlengalenga. Hakumwambia avue viatu. Baadaye, mambo yalipoharibika, hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote: alimwona anakanyaga pale, akanyamaza, tena akapiga makofi.

"Madawati ya shule zote za mji huu," mdogo wake alipaza sauti, "yatatengenezwa hapa hapa! Kwa mikono yenu! Nipeni udiwani, halafu mniambie kama kuna kijana atakayebaki kibarazani anahesabu magari yanayopita."

Wakampa udiwani.

Mama Randa jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Alishika randa akiwa binti mdogo, na baba yake, seremala asiyecheka ovyo, hakumnyang'anya. Majirani ndio waliocheka, mtoto wa kike na maranda yamemjaa kichwani. Kicheko kiliwaisha walipoanza kumletea makabati yao. Mdogo wake yeye alisema vumbi la mbao linambana kifua, kwa hiyo akasomeshwa, na ada yake ikawa inatoka kwenye vitanda na milango aliyoitengeneza baba akisaidiana na binti yake. Hakuna aliyemsimanga kwa hilo. Mzee alipofariki, karakana ikabaki kwa dada: paa la mabati, mtambo wa kuranda unaonguruma kama una ugomvi na mtu, na fundi mmoja mzee ambaye masikio yake mtambo huo ulishayamaliza.

Baada ya uchaguzi Mama Randa hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikopa mbao akazipanga mpaka zikagusa paa. Akawachukua vijana waliokuwa wakishinda pembeni ya barabara: wabeba mizigo, wapiga debe, mmoja aliyefukuzwa ulinzi kwa kukutwa amelala huku mwizi amemfunika shuka. Akawapa misumeno. Wakamharibia mbao mpaka akakonda. Aliwafokea, akawaita majina ambayo mama yake angeyasikia angemzaba kofi utu uzima huo, kisha akashika mikono yao akawaonyesha tena. Aliyewapita wote alikuwa kijana aliyekuwa mbeba magunia sokoni, bega moja bado limelala chini kuliko la pili. Walimpa jina la Msasa, kwa kuwa akikusugulia ubao unapitisha kiganja unadhani umepakwa mafuta. Mkewe alikuwa mjamzito, na kila jioni Msasa alikuwa akiokota vipande vya mbao vilivyobaki apeleke nyumbani kutengeneza kitanda cha mtoto.

Wakafika mahali pa kuunga miguu ya dawati isicheze hata ukiiparamia. Walitengeneza dawati moja la mfano, wakaliweka mlangoni, wapita njia wakawa wanakaa kupumzika. Lililobaki ilikuwa ni kungoja oda.

Badala ya oda ilikuja picha. Msasa aliingia asubuhi moja na simu mkononi, akasimama mbele ya Mama Randa bila kusalimia.

"Mama, umeona hii?"

Kwenye picha, uwanja wa michezo wa mji ulikuwa umejaa makontena. Mdogo wake amesimama mbele ya moja lililofunguliwa, lililojaa maboksi, anacheka meno yote nje, ameshika dawati la plastiki la bluu lenye miguu ya chuma. Nyuma yake bango limeandikwa: MPANGO WA AJIRA KWA VIJANA.

Mama Randa alivua aproni, akaitupa juu ya mbao, akaondoka hivyo hivyo na vumbi lake.

Kwenye ofisi za baraza la mji, msichana wa mapokezi alimwuliza kama ana miadi.

"Nimembeba mgongoni kabla wewe hujazaliwa," Mama Randa akamjibu. "Hiyo ndiyo miadi yangu."

Mdogo wake alikuwa nyuma ya meza kubwa ya zile mbao za kushindilia, zinazovimba zikimwagikiwa chai.

"Dada! Karibu, keti."

"Sikai. Yale maboksi ya uwanjani ni ya nini?"

"Ni madawati."

"Kuona nimeona. Nakuuliza ni ya nini."

Mdogo wake akatoa lile tabasamu la kwenye mabango. "Dada, mambo haya yana taratibu. Fedha ni za wafadhili, na wafadhili wana masharti. Zabuni imefunguliwa huko juu, imeshinda kampuni ya nje. Mimi ni nani wa kupinga? Ningeleta ubishi, madawati yangekwenda mji mwingine na watoto wetu wangebaki wamekaa sakafuni. Ungefurahi?"

"Ulipanda juu ya meza ya baba ukasema..."

"Nilisema ajira, na ajira zipo! Nisikilize basi. Madawati yamekuja vipande vipande. Nimepigana, dada, nimepigana kweli kweli, mpaka wakakubali yafungwe hapa na vijana wetu. Vijana mia mbili! Na wewe sijakusahau. Nimekutafutia usimamizi. Utakaa zako kivulini unawaangalia wakikaza skrubu."

Mama Randa alikuwa na mengi ya kusema, lakini yote yalifika kooni kwa pamoja yakagombania mlango.

"Kukaza skrubu," alisema hatimaye.

"Ni kazi, dada. Usiidharau."

"Zikiisha?"

"Zikiisha nini?"

"Skrubu. Zikiisha, vijana wako mia mbili wanafanya nini?"

Mdogo wake akaichukua simu yake mezani, akaitazama kama vile imeita. Haikuwa imeita. "Tutakuwa na awamu ya pili," akasema.

Mama Randa alirudi karakana anatembea katikati ya barabara, magari yanampigia honi, yeye hasikii. Aliwakusanya vijana wake mbele ya mtambo.

"Wanataka mikono ya kufunga takataka zao," aliwaambia. "Mikono yenyewe ni hii hapa. Mimi ndiye niliyeifundisha. Kwa hiyo hakuna anayekwenda. Maboksi yakikaa uwanjani yakinyeshewa, watakuja wenyewe kuzungumza na sisi. Nani hayuko pamoja nami?"

Wote walikuwa pamoja naye. Walipiga meza kwa ngumi, wakaapa, yule aliyekuwa mlinzi akasema hata wamwage dhahabu uwanjani yeye haendi. Msasa peke yake hakuacha kazi. Alikuwa anasugua mguu wa dawati uliokwisha kulainika tangu jana.

Kesho yake Mama Randa alifungua mlango akasubiri. Aliyekuja ni yule fundi mzee peke yake, na labda ni kwa sababu hakusikia kuwa kuna kazi nyingine.

Akaenda uwanjani. Turubai kubwa lilikuwa limetandazwa, juu yake vyuma, plastiki na mifuko midogo ya skrubu. Vijana walikaa chini mistari kwa mistari, kila mmoja na kizibao cha njano kinachong'aa na spana ndogo iliyopinda iliyokuja ndani ya boksi. Kwenye migongo yao: NIMEAJIRIWA. Aliwatambua mmoja mmoja. Aliyekuwa mlinzi alijiinamia kama anatafuta kitu kilichomwanguka.

Msasa hakujificha. Alimwona anakuja, akasimama.

"Na wewe," Mama Randa akasema. "Na wewe, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Usinipe shikamoo yako! Mikono ile niliyoishika nikaifundisha patasi, leo unaipa hii?" Alimpokonya ile spana akaitupa. Haikumtosha. Akakikamata kile kizibao kifuani, akakivuta mpaka kikachanika begani. "Vua! Vua hii aibu!"

Spana zikasimama uwanja mzima. Msasa hakumsukuma. Alimwachia avute mpaka alipochoka, kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alimsikia.

"Mama, wewe ukikasirika unarudi kwako na hasira yako. Mimi nikikasirika, nyumbani kwangu hakupikwi. Karakana haina oda. Tunaranda zile zile tulizoziranda jana. Unatupa chai kwa moyo wako mwema, nashukuru, Mungu anaona. Lakini mke wangu anajifungua wakati wowote, na hospitali hawapokei moyo mwema. Najua wanatudanganya. Hivi ulidhani sijui? Ila wao wananidanganya kwa malipo, na mheshimiwa mdogo wako alinidanganya bure."

Msimamizi mmoja alikuja anakimbia, akauliza kuna nini. Msasa akainama, akaokota spana, akakaa chini, akaendelea kukaza.

Mama Randa aliondoka pale. Kilichomtia wazimu si kwamba kijana alimjibu. Ni kwamba kijana alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa imeegemea jambo bovu; ukiligusa lile bovu, na haki yake inaanguka. Siku ile alipasua mbao nzuri kabisa kwa shoka, bila sababu, mpaka fundi mzee akaja akamshika mkono.

Jumapili walikutana kwa mama yao, kama kawaida. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, anachambua maharage kwenye ungo. Macho yalikuwa yamefifia, lakini ulimi ulikuwa bado na meno yake yote. Mdogo mtu aliingia na dereva nyuma yake amebeba katoni ya juisi.

"Shikamoo, mama. Dada, habari."

Dada akageukia ukuta.

"Msinijazie nyumba upepo," mama akasema. "Mwenye neno alitoe, chakula kisipoe."

Basi likatoka. Lilitoka lote, la viatu juu ya meza, la mbao zilizolala, la mikopo, la vijana waliokalishwa chini kama watoto wa chekechea. Mdogo mtu naye akajibu, sauti juu ya sauti, mpaka dereva akaiweka katoni chini akatoka taratibu.

Mama aliwaacha wachoke. Kisha akamwuliza mwanawe wa kiume, "Baba yako alipokuwa anamchukua kijana kazini, unakumbuka alikuwa anafanya nini kwanza?"

"Mama, hayo ya zamani..."

"Alikuwa anakwenda kwao. Anamwambia mama yake: mwanao yuko kwangu. Wewe hao mia mbili wako, mama zao umewaona?"

"Mama, dunia imebadilika."

"Imebadilika. Wewe ulikuwa miongoni mwa walioibadilisha, au umeikuta hivyo ukatafuta kiti?"

Hapo uso wa mdogo mtu ukabadilika. Tabasamu la mabango lilimtoka, akabaki yule mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya kabati vumbi likianza kutimka. "Nyinyi mnadhani mimi ni nani pale?" alisema. "Mnadhani kuna mtu ananiuliza? Mimi pale barazani ni wa kunyoosha mkono tu. Karatasi inakuja imeshaandikwa. Nikinyoosha, napata kitu kidogo cha kuwapelekea watu. Nisiponyoosha, sipati hata hicho."

Kwa kitambo kifupi Mama Randa alimwonea huruma, akakaribia hata kumsogezea sahani. Lakini mdogo wake alijifuta uso, akaweka sawa kola ya shati, akasema: "Halafu Jumamosi ni uzinduzi. Mgeni rasmi anakuja, na wafadhili. Utakaa mbele, dada, umevaa vizuri. Tafadhali usiniharibie."

Huruma yote ikakatika hapo hapo.

Ijumaa mchana Msasa alikuja karakana. Alisimama nje kwanza, kama mgeni, amekikunja kile kizibao vizuri chini ya kwapa. Begani kilikuwa kimeshonwa.

"Ingia," Mama Randa akasema bila kumtazama. "Mlango haukufungwa."

"Tumemaliza, mama. Boksi la mwisho tumefunga leo asubuhi."

"Hongera."

"Wametuambia ndiyo basi. Ila kesho tufike mapema, tumeoga, vizibao vimefuliwa. Tutakaa mbele tupigwe picha. Tukitoka, tuvirudishe getini." Alicheka kicheko kikavu. "Mama, wanasema sisi ndio zile ajira mia mbili."

Mama Randa aliweka randa chini. "Na mke wako?"

"Amejifungua juzi. Wa kike. Wazima wote."

Alitaka kumwomba radhi kwa lile la uwanjani, lakini hakuwahi kujua radhi inaanzia wapi. Akaenda kwenye kona, akatoa ubao mmoja mweupe usio na fundo hata moja, ambao alikuwa ameuficha kwa kazi ya maana, akampa. "Cha kitanda cha mtoto," akasema. "Kile ulichoanza ni cha vipande vipande, kitamchoma."

Msasa akapitisha kiganja juu yake.

"Kesho nitakuwepo," Mama Randa akasema. "Nimealikwa."

Jumamosi uwanja ulipendeza. Mahema meupe, viti vimevalishwa vitambaa, madawati ya bluu yamepangwa yanameremeta juani. Vijana mia mbili walikaa mbele na vizibao vyao vya njano, wameoga kama walivyoagizwa. Mama Randa alikaa mstari wa ndugu wa viongozi, amevaa gauni lake la harusini, ambalo lilikuwa bado linamtosha kwa kuwa mbao hazinenepeshi mtu.

Mgeni rasmi alihutubia. Mfadhili alihutubia, mkalimani akahutubia tena. Kisha akaja mdogo wake, na lazima isemwe kuwa alijua kuzungumza.

"Niliahidi ajira!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Wapo waliocheka. Leo wageni wetu wanaona kwa macho yao. Simameni, vijana wangu! Geukeni, mgongo uonekane!"

Vijana wakasimama, wakageuka. NIMEAJIRIWA, mara mia mbili. Wapiga picha wakakimbilia mbele. Makofi yakapigwa.

Mama Randa naye akasimama. Hakuwa amepanga la kusema. Alikuwa ameamka na hotuba nzima kichwani, yenye baba ndani yake na uchungu wote, lakini ilipofika wakati wake ikayeyuka. Likabaki swali moja tu, la kawaida kabisa, analoliuliza kila mtu aliyepata kazi mpya.

"Mheshimiwa!" aliita, na sauti iliyozoea kushindana na mtambo haikuhitaji kipaza sauti. "Kesho kutwa, Jumatatu, waje saa ngapi?"

Makofi yakapungua.

"Dada, kaa chini," mdogo wake akasema, amesahau kuwa kipaza sauti kiko mdomoni. Uwanja mzima ukajua ni dada yake.

"Sina ubaya. Nauliza saa tu. Mtu akiajiriwa huambiwa afike saa ngapi. Saa moja? Saa mbili? Waje na chakula chao, au watapewa?"

Mkalimani alimwinamia mfadhili sikioni. Mfadhili akainua nyusi, akatazama jukwaani kama anayesubiri jibu, kwa sababu kwake swali lilikuwa la haki.

Mdogo wake akageuza karatasi ya hotuba yake, akaigeuza tena.

Ndipo Msasa, mgongo wake bado umewaelekea wageni, akapaza sauti bila kugeuka: "Tuje saa ngapi?" Na aliyekuwa mlinzi, ambaye hakuwa ametazama mtu machoni kwa siku kadhaa, akaitikia: "Tuje saa ngapi?" Likaenda mstari kwa mstari, kama moto kwenye maranda, mpaka uwanja wote ukawa unauliza saa. Walikuwa wanauliza kwa hasira ya kweli, mishipa ya shingo imesimama, wengine wanagonga madawati ya bluu kwa viganja. Mshereheshaji aliwasha muziki. Wakauliza juu ya muziki.

Hawakujibiwa. Wageni walipelekwa kwenye magari. Getini hakuna aliyerudisha kizibao.

Jumatatu saa moja asubuhi walikuwa kwenye ngazi za baraza la mji. Si wote mia mbili, lakini walijaza ngazi. Mama Randa alikuja na mkokoteni uliobeba mbao na meza ya kazi.

"Mnataka nini?" askari wa mlangoni akauliza.

"Tumekuja kazini," Msasa akamwambia, akamgeuzia mgongo asome.

Walipozuiwa kuingia, wakafanya kazi pale pale. Waliweka meza kwenye ngazi, wakaanza kupima na kukata, na upepo ukawa unapeperusha maranda ndani, kwenye korido, juu ya mafaili, ndani ya vikombe vya chai. Jumanne wakarudi. Jumatano polisi walimchukua Mama Randa na Msasa wakawaweka kituoni kwa kosa ambalo kila aliyeulizwa alilitaja tofauti. Mama mzazi akaletwa, akakaa kwenye benchi la mapokezi na ungo wake wa maharage, akasema haondoki mpaka amwone binti yake, na kwamba mtu asiwe na wasiwasi, maharage ya kuchambua anayo mengi. Jioni wakaachiwa. Mdogo mtu hakuonekana wala simu hakupokea.

Wiki zikapita, na ngazi zikawa zinapungua watu. Isidhaniwe kuwa hasira inashibisha. Mmoja alipata kibarua cha kuchimba mtaro, mwingine akaondoka mjini. Yule aliyekuwa mlinzi akarudishwa ulinzini, safari hii kulinda makontena matupu. Wakabaki Msasa na wachache wasio na pa kwenda.

Hatimaye mkurugenzi wa baraza, mtu mwenye pumu aliyechoshwa na vumbi la mbao, akawaita ndani. Nyuma ya shule zote, alisema, kuna marundo ya madawati ya zamani yaliyovunjika. Baraza liko tayari kuyakarabati. Kazi ya miezi michache. Ila mkataba utakuwa wa kikundi cha vijana. Jina la huyu mama lisiwemo popote.

"Kwa nini?" Msasa akauliza.

"Wewe unajua kwa nini."

Msasa alitoka nje, akamweleza Mama Randa pale pale kwenye ngazi. "Nimewaambia hatutaki, mama. Kama wewe haumo, hatumo."

Mama Randa aliupiga teke mkokoteni mpaka mbao zikamwagika. Alitukana. Alimtukana mkurugenzi, mdogo wake, mfadhili na mkalimani wake. Watu wakasimama kumtazama. Ilikuwa karakana yake, mtambo wake, ujuzi wa baba yake, na sasa yeye ndiye asiyetakiwa. Kisha akapumua, akamtazama Msasa na lile bega lake lililolala.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Nani amekutuma ukatae? Rudi ndani kabla hajabadili mawazo. Kawaambie mnachukua, na karakana mtapangisha kwangu, na mtanilipa kodi kwa wakati. Na mimi nitafanya kazi chini yako. Ole wako unifokee."

Ndivyo ilivyokuwa. Marundo yalifika na malori, miguu juu, misumari imeota kutu, mengine ubavuni yana alama aliyoichoma kwa chuma baba yake Mama Randa enzi zake. Karakana ikajaa watu tena. Fundi mzee akapewa vijana wa kufundisha, na kwa kuwa hasikii, hakuna aliyeweza kubishana naye. Malipo yalikuja, si makubwa, yakachelewa, yakaja tena. Kila mmoja alijua kazi ina mwisho, na mwisho wenyewe unaonekana kwa macho, kwa kadiri rundo linavyopungua. Baada ya hapo hakuna aliyejua. Mama Randa alilala na kuamka na hasira yake, akaizoea kama mtu anavyozoea meno ya bandia.

Rundo lilipofika nusu, gari la baraza likasimama mlangoni. Akashuka mdogo wake, akashuka mpiga picha, wakashuka wageni wawili wenye vitambulisho shingoni. Hakumsalimia dada yake. Alisimama katikati ya karakana, akanyoosha mkono kuonyesha vijana, mbao, madawati yaliyosimama tena kwa miguu yao.

"Hapa ndipo," akawaambia wageni, na lile tabasamu likarudi mahali pake, "mnapoona awamu ya pili ya Mpango wetu wa Ajira. Mimi mwenyewe nilipoanzisha wazo hili..."

Msasa alimtazama Mama Randa. Mama Randa alikuwa na ubao mkononi unaohitaji kurandwa, si kisingizio, ulihitaji kweli. Akauweka kwenye mtambo, akabonyeza swichi.

Mngurumo ukajaa chumba kizima. Mdogo wake akaendelea kusogeza midomo kwa kitambo, mkono bado uko juu. Akamwashiria dada yake azime mtambo. Mama Randa alikuwa ameinamia ubao, anautazama unavyoingia. Ulipotoka upande wa pili, Msasa akaupokea, akauweka chini, akampa ubao mwingine.